Doa kwenye Gari la Marehemu Heber

Jumatatu asubuhi, siku tano kabla mama mkwe wake hajaruhusiwa kutoka hospitali, Ambrose Pelley alitoka nje na kikombe cha chai, akaona kiuvimbe kwenye gari ambalo hata kuliegemea alikuwa amekatazwa.

Kilikuwa juu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kidogo kama punje ya dengu. Rangi ya bluu ilikuwa imejiinua pale kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Mtu mwenye shughuli zake angemaliza chai akarudi ndani. Lakini kiwanda cha samaki cha Shoal Arm kilikuwa kimefungwa tangu mwezi wa tatu, na Ambrose, aliyefanya kazi humo miaka ishirini na sita, hakuwa tena na shughuli. Aliinama, akakibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikalia krap, kidole kikazama mpaka mwisho wa ukucha.

Akakichomoa, akakitazama. Kilikuwa na unga wa kahawia. Akageuka kuangalia dirisha la jikoni, kama mkewe ameona. Verna alikuwa ameinamia sinki, hakuona kitu. Ambrose akasogea, akaliziba lile doa kwa paja lake, akanywa chai iliyobaki kana kwamba hapo ndipo alipopanga kuinywea tangu jana.

Lingekuwa gari la mtu mwingine, asingejali. Kisiwa kizima cha Newfoundland, huko Kanada, kila majira ya baridi, barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi ikishamalizana na barafu hugeukia magari. Gari la miaka kumi huwa limetoboka kama chujio. La jirani yake, Hedley Crocker, lilikuwa limefungwa mlango wa dereva kwa kamba ya nyavu, na Hedley, mzee wa miaka sabini, aliingilia upande wa abiria akijikokota juu ya viti. Hakuna aliyemcheka, isipokuwa mtu mmoja, baba mkwe wa Ambrose, marehemu Heber Hynes. Gari la Heber lilikuwa na miaka kumi na tisa na halikuwa na kutu hata tone. Hilo lilijulikana Shoal Arm nzima, kwa sababu Heber alilisema mpaka alipokufa, na alipokufa mjane wake, Drusilla, akaendelea kulisema dukani, kanisani, matangani, na mara moja kwa daktari aliyekuwa akimpima presha. "Heber wangu," alikuwa akisema, "hakuwahi kuruhusu kutu."

Gari hilo aliwaazima siku alipopelekwa hospitali ya Gander kubadilishiwa nyonga, kwa kuwa pikapu ya Ambrose ilikuwa imekufa na wangeshindwa kwenda kumwona. Masharti aliyatoa akiwa amelala kwenye machela. Samaki wasipakiwe. Nyama ya windo isipakiwe. Hedley asipakiwe. Lisiegeshwe chini ya nyaya wanakotua shakwe. Na lisioshwe kwa mpira wa maji, hata kidogo, lifutwe kwa kitambaa tu. Wauguzi walipokuwa wanamsukuma kuingia chumba cha upasuaji, bado alikuwa akisema kitambaa kiwe cha pamba.

* * *

Jambo lililomfanya Ambrose asilale vizuri lilikuwa lingine. Kaka yake Verna, Garland, aliyekuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta kule Alberta, mwisho mwingine wa nchi, alikuwa amepiga simu. Alisema mama hawezi tena kuishi peke yake na ngazi zile. Alikuwa na chumba cha chini ya nyumba chenye choo chake, na tiketi angenunua yeye. Nyumba ya Shoal Arm ingeuzwa. Drusilla alimjibu kwamba ataamua akirudi nyumbani akaona mambo yalivyo.

Verna naye alikuwa ameshapaka rangi chumba cha nyuma cha nyumba yao, akaweka kitanda kifupi na chuma cha kushikia bafuni. Hakumwambia mama yake chochote. Katika familia ile hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake abaki. Mtu aliwekewa sahani mezani, akielewa akae.

Jioni ile, wakila mkate na soseji ya kukaanga, Verna aliongea akiwa ametazama sahani yake. Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee.

"Nawaogesha mama za watu siku tano kwa wiki," alisema. "Wangu akaogeshwe na nani huko? Mtu ambaye hajui hata chai anaipendaje?"

Ambrose alisema mama atabaki, asiwe na wasiwasi.

"Atabaki akiona tunaweza. Wewe unajua anakuonaje."

Ambrose alijua. Miaka ishirini na mbili Drusilla alikuwa akimwona kama kiti kilicholetwa nyumbani na binti yake kutoka mnadani: kinakalika, lakini usimkalishe mgeni. Palikuwa na Clarence fulani, muuza bima, ambaye Verna angeweza kuolewa naye, na kila Krismasi Drusilla aliulizia afya ya Clarence.

Kwa hiyo Ambrose akaamua. Angelirekebisha doa lile kimya kimya, kwa siku mbili, na gari lingerudi kwa mwenyewe bila kutu kama lilivyotoka. Alikuwa ameangalia video ya mtu mmoja mwenye ndevu safi, aliyelimaliza doa kama hilo kwa dakika kumi na moja huku akipiga mluzi.

* * *

Jumanne aliliingiza gari bandani na kufunga mlango. Dakika tano baadaye Hedley Crocker alikuwa ndani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na stovu ya kuni. Hedley hakuhitaji kualikwa. Alipoona mlango wa banda umefungwa mwezi wa sita na moshi unatoka, alijua kuna jambo.

Ambrose alibandika tepu na magazeti kuzunguka doa, kama video ilivyosema. Akachukua bisibisi, akaanza kukwangua rangi iliyolegea. Punje ya dengu ikawa sarafu ya dola moja. Hedley akasema kutu ni kama jino, lazima ufike kwenye mzizi. Ambrose akakwangua. Sarafu ikawa yai. Hedley akasema mzizi bado. Ambrose akashika brashi ya waya, yai likawa sahani ya kikombe, na magazeti ikabidi yasogezwe.

"Mtu wa kwenye video alipofika hapa alikuwa amemaliza," alisema Ambrose.

"Mtu wa kwenye video anaishi wapi?"

"Arizona. Jangwani."

Hedley alitikisa kichwa kwa huruma.

Ndipo Ambrose akagonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, kusikia chuma kizima kinaanzia wapi. Hakikulia kama chuma. Kililia kama mlango wa kabati. Akagonga tena, na kipande chote cha madigadi, kinene kama silesi ya mkate, kikachomoka na kuanguka sakafuni kwa kishindo. Hakikuwa chuma. Kilikuwa puti ya kuzibia mabati, tena puti ya zamani, iliyopakwa rangi ya bluu juu. Na nyuma yake, pale lilipokuwa tundu la kuingiza ngumi, palikuwa na bati lililobanwa kwa skrubu nne na kusilibwa lami pembeni.

Ambrose alifuta vumbi kwa kidole. Bati lilikuwa kopo lililokatwa na kunyooshwa, na maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Lilikuwa kopo la maziwa, yale yale ambayo kila nyumba ya Shoal Arm huyatia kwenye chai.

Hedley aliinuka kwenye ndoo, akasogea, akavaa miwani. Alisoma maandishi yote, mpaka mahali palipoandikwa jinsi ya kuhifadhi baada ya kufungua.

"Heber," alisema polepole. "Heber Hynes."

Kisha akacheka. Alicheka akishika stovu, ikamuunguza, akaendelea kucheka. Akarudi kwenye ndoo, akaikosa, akacheka akiwa chini. Miaka kumi na tano Heber alikuwa akisimama nje ya kanisa kila Jumapili, akimwangalia Hedley anavyotambaa juu ya viti, na kumuuliza kama amekuja kusali au kuomba radhi kwa ajili ya gari. Hedley akajifuta machozi, akaokota kofia, akasema anakwenda dukani mara moja, hana haja ya kitu, anakwenda tu.

Ambrose akasimama mlangoni. Alimweleza mambo ya Alberta, chumba cha nyuma, na chuma cha bafuni. Alimwambia Drusilla akisikia mumewe anachekwa dukani hatakaa mji huu hata wiki moja, na Verna ndiye atakayeumia. Hedley alisikiliza akiwa amekunja uso kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Unajua unaniomba nini?" aliuliza.

"Najua."

"Miaka kumi na tano, Ambrose."

"Najua, mzee."

Hedley akavua kofia, akaapa. Siku zilizofuata hakwenda dukani kabisa, kwa kuwa hakujiamini, na mkewe alipoona ametulia hivyo alimpigia muuguzi simu.

* * *

Verna alirudi kutoka kazini saa kumi, akakuta magazeti yamejaa bandani na mumewe ameketi mbele ya tundu, na lile bati mapajani. Hakupiga kelele. Alichukua bati, akaligeuzageuza, akalinusa.

"Baba," alisema.

Alikaa kwenye ndoo ya Hedley. Akasema kwamba utotoni baba yake aliwahi kumchapa kwa kosa moja tu, kusema uongo. Ambrose akamwambia skrubu zilikuwa zimekazwa vizuri sana.

Walishauriana pale pale. Wakimwambia mama ukweli, atakuwa amempoteza mumewe mara ya pili, na safari hii hata jina halitabaki. Wasipomwambia, lazima awepo aliyeliharibu gari, na mtu huyo ameketi hapo na bisibisi mkononi.

"Atasema tangu mwanzo alijua," alisema Verna.

"Aseme. Mimi nimeshazoea. Yeye marehemu hajazoea."

Verna akamfuta unga wa kutu puani kwa ncha ya kitambaa chake cha kazi, akaenda kuweka chai.

* * *

Jumatano ilikuwa siku nzuri, na Ambrose alifanya kazi ya kuridhisha. Alikata chuma kilichooza mpaka akafika kizima, akakipaka dawa ya kuua kutu, ikageuka nyeusi kama alivyoahidiwa. Akaziba tundu kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi yake, akapaka puti, ikakauka, akaipiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, mpaka mkono ukipita haujui gari linaanzia wapi. Alimwita Verna ashike. Verna akashika, akasema ni laini. Ambrose akaenda kulala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwezi wa tatu.

Shida ilikuwa rangi. Rangi ya gari la Heber haikutengenezwa tena, na mama wa duka la vifaa alimpa kopo la kupuliza ambalo, alisema, ndilo linalokaribia. Kwenye kifuniko lilikuwa bluu. Alhamisi asubuhi ukungu uliingia kutoka baharini ukakaa. Ambrose akapuliza hivyo hivyo, akasubiri. Rangi haikukauka, ilichuruzika. Akaifuta, akapuliza tena. Visubi wakaingia kwa kufuata joto la stovu, na kumi na wanne wakatua kwenye rangi mbichi na hawakuondoka tena. Akawatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha Verna. Akapuliza mara ya tatu, akachukua mashine ya Verna ya kukaushia nywele, akasimama nayo saa nzima akiipitisha kushoto na kulia, huku Hedley akimuuliza kama gari linataka na mawimbi ya nywele.

Ilipokauka ikawa zambarau.

Haikuwa zambarau ya kupiga kelele. Ilikuwa kama rangi ya jicho la mtu aliyepigwa juzi. Lakini kando ya bluu ya Heber ilionekana kutoka barabarani. Hedley akashauri aipanue kidogo ili mpaka usionekane. Ambrose akapanua mpaka kwenye mlango wa nyuma. Pale mpaka ukaonekana zaidi, kwa kuwa mlango ulikuwa nusu kwa nusu. Akaumaliza mlango. Sasa mlango wa mbele ukaonekana kama wa kuazima. Makopo yakaisha, akarudi dukani, mama wa duka akamuuliza kama doa bado ni lile lile.

Ijumaa jioni, ubavu wote wa kushoto wa gari la Heber Hynes ulikuwa zambarau, kuanzia taa hadi taa, na ubavu wa kulia ulikuwa bluu. Verna alitoka, akasimama mbele katikati ya boneti, akafumba jicho moja, kisha akafumba la pili.

"Ukisimama upande huu," alisema, "ni lile lile kabisa."

* * *

Huo ndio ukawa mpango. Jumamosi wakaenda Gander wakiwa wamekubaliana kwamba mama asione upande wa kushoto mpaka afike nyumbani, anywe chai, na apumzike.

Kulikuwa na jambo ambalo hawakulifikiria. Njia ya mbele ya hospitali ilikuwa ya kwenda upande mmoja, na ukiifuata, mlango wa wagonjwa unakuwa kushoto kwako. Ambrose aliliona hilo akiwa ameshakaribia. Akapitiliza, akazunguka jengo, akaingia kwa njia ya kutokea. Mlinzi akatoka na kumwonyesha mshale. Ambrose akasema ameuona. Mlinzi akasema basi aufuate. Ambrose akamweleza kwamba ana mama mkwe ndani na gari lina upande. Mlinzi, ambaye yeye pia alikuwa ameoa, alitembea hadi ule upande wa zambarau, akatazama, akarudi, akayasimamisha magari mengine kwa mkono.

Drusilla akatolewa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la kanisani, begi mapajani. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Ambrose akamsalimia na kumuuliza habari ya nyonga. Drusilla akajibu kwamba nyonga ni mpya, iliyobaki ni ya zamani, na akauliza kama gari limeoshwa.

"Hapana, Mama. Kitambaa tu."

"Cha pamba?"

"Cha pamba."

Akashusha pumzi, akakubali kuketishwa mbele. Njia nzima Verna aliongea kuhusu hali ya hewa. Ambrose aliendesha akiwa ameinama kidogo upande wa dirisha lake, kana kwamba mwili wake ungeweza kuuficha ubavu mzima wa gari.

Nyumbani aliegesha ubavu wa kushoto ukiwa karibu kugusana na ukuta wa banda, kiasi kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa huko dereva hukaa kushoto, ilimbidi atokee upande wa abiria, juu ya viti, kama Hedley. Hedley alikuwa amesimama kwenye uzio wake, mikono mfukoni, midomo ameibana. Verna akamshika mama yake mkono kumwelekeza kwenye ngazi. Drusilla akasimama, akaikaza fremu yake ya kutembelea, akasema anataka kuliona gari.

"Umeliona, Mama," alisema Verna. "Umekuja nalo."

"Nataka kuliona kwa nyuma."

Hakuna aliyethubutu kumzuia mtu mwenye nyonga ya wiki sita. Alikwenda hatua kwa hatua, fremu ikigonga kokoto, akafika kwenye buti, akachungulia ule mwanya kati ya gari na ukuta. Alitazama muda mrefu. Kisha akaingiza mkono, akaupitisha juu ya gurudumu, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Verna," alisema, "nenda kaweke chai. Ambrose, nipeleke bandani. Nataka kukaa."

* * *

Ambrose alimkalisha kwenye kiti cha bustani, akachochea stovu, akabaki amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini. Alianza kusema aliyokuwa amejiandaa kusema. Alisema aliona kidoa, akakiingilia bila kujua, akaharibu chuma kizima, kosa ni lake peke yake, na Heber angemfukuza uani. Drusilla alimwacha amalize.

"Uliona nini ndani?"

"Kutu tu, Mama. Kidogo."

"Hukuona kopo?"

"Sijaona kopo lolote," alisema Ambrose. "Wala halikuwa la maziwa."

Kuni zikapasuka kwenye stovu. Ambrose alisikia alichokisema kikirudi kichwani kwake polepole, na masikio yakaanza kupata moto.

"Nililikata kwa mkasi wa jikoni," alisema Drusilla. "Mkasi mpaka leo haukati hata karatasi."

Kisha akamsimulia, huku ameitazama stovu. Ilikuwa miaka minane nyuma, Heber amelazwa mjini kwa ajili ya moyo. Yeye alitoka kulifuta gari, akaona kiuvimbe, akakibonyeza. Kidole kilizama mpaka kwenye kiungo cha pili. Heber alikuwa akipiga simu kila jioni, na kabla ya kuuliza habari za mkewe aliuliza habari za gari. Daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Basi Drusilla akaomba lami kwa mafundi wa paa la kanisa, akanunua puti mji mwingine ambako hakujulikana, akakata kopo. Rangi alipaka kwa brashi ya kupakia siagi kwenye keki. Heber aliporudi, alilizunguka gari lake, akampiga busu shavuni, akasema angalia, miaka kumi na moja na hakuna kutu.

"Ningemwambia nini?" aliuliza Drusilla. "Nikaanza kusema na mimi. Ukisema sana, watu hawaangalii. Alipokufa nikaona nikinyamaza watashangaa."

Akamwambia kwamba hospitalini kilichomkosesha usingizi si nyonga. Wiki sita, kila akifumba macho, alikuwa akimwona Ambrose amesimama na mpira wa maji, puti inabanduka.

Ambrose alikaa kwenye ndoo. Alisema kwamba wao walidhani ni Heber.

"Mlidhani ni Heber," alirudia Drusilla, "na ulikuwa tayari kuniambia umeliharibu wewe. Ungesema tu ni yeye, ukatoka msafi. Mbona hukusema?"

Ambrose alisugua unga wa puti uliobaki kwenye kidole gumba.

"Heber hayupo ajitetee," alisema.

Drusilla akatoa kitambaa kwenye mkono wa koti, akajifuta pua, akakirudisha. Akauliza ni nani mwingine aliyeona. Ambrose akasema Hedley. Drusilla akageuka kwenye dirisha dogo la banda, na huko nje, kwenye uzio, Hedley akavua kofia.

"Siku ngapi amenyamaza?"

"Tano, Mama."

"Atakufa," alisema Drusilla. "Mwambie aje anywe chai, nimweleze mwenyewe. Heber hayumo katika hili, ajue hilo. Akitaka mtu wa kumcheka, anicheke mimi, tena hapa hapa ndani." Kisha akaongeza, "Rangi hii ni mbaya sana, Ambrose."

"Ndiyo, Mama."

"Upande mmoja tu unalifanya lionekane kichekesho. Ungemaliza na ule mwingine."

* * *

Jumapili, baada ya nyama ya chumvi na kabichi, Garland alipiga simu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na gari lilikuwa chini yake, ubavu wa kulia juani. Ambrose alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu. Drusilla alikuwa amemwamuru akague kila inchi, naye tangu asubuhi alikuwa amekagua na kugonga kwa mpini wa bisibisi, huku Hedley akimsikilizia kama daktari. Chuma kililia vizuri kila mahali. Kwenye ubavu mzima walipata doa moja, na lilikuwa dogo kiasi kwamba Hedley alivaa miwani kuliona.

Ndani, sauti ya Drusilla ilikuwa imeinuka kidogo, kama ya wazee wanaozungumza na mtu wa mbali. Garland alikuwa akiuliza tarehe ya tiketi.

"Hapana, mwanangu, usinunue," alisema Drusilla. "Siwezi kuondoka sasa. Tumeanza kulitengeneza gari la baba yako." Akasikiliza. "Mimi na Ambrose. Ndiyo, Ambrose huyo huyo." Akasikiliza tena. Verna, aliyekuwa akikausha sahani, aliacha kuikausha. "Sijui, Garland. Limeharibika kuliko tulivyodhani. Hata tukifanya kazi kila siku, hii itachukua miaka."

Nje, Hedley alimtazama Ambrose. Ambrose alilitazama lile doa moja, akaweka bisibisi mfukoni, akachukua msasa laini kuliko wote aliokuwa nao, akaanza kusugua taratibu sana.